Ati Maji Yanapotea Bure

Ipo sentensi moja ambayo nimeisikia katika mikutano ya hadhara tangu nilipokuwa mwalimu kijana hadi leo ninapotembelea mkongojo, nayo hutamkwa na watu wa kila cheo, tena kwa sauti ya uchungu kana kwamba wanatangaza msiba: "Maji ya mto huu yanapotea bure ziwani." Hapo wasikilizaji hupiga makofi. Akiondoka mwanasiasa huja mhandisi, akiondoka mhandisi huja mfadhili, na wote wanakubaliana kwamba mto unaofika ziwani ukiwa bado na maji ni mto wa hasara. Nimeamua kuipinga sentensi hiyo kwa maandishi, kwa kuwa mikutanoni mzee hupewa dakika mbili tu, tena baada ya ngoma. Sina ugomvi na msemaji mwenyewe. Huenda nia yake ni njema, anataka watu wapate mpunga na umeme. Ugomvi wangu ni na neno lile "bure".

Mimi si bwana samaki. Nilisomea ualimu, nikafundisha, nikaongoza shule za msingi katika wilaya za kando ya Ziwa Victoria mpaka nilipostaafu. Ninayoyasema hapa nimeyapata katika vitabu, kwa wavuvi wazee, na kwa kusimama kando ya mito wakati wa mvua nikitazama, kazi ambayo haina mshahara lakini ina faida zake.

Tuanze na samaki mwenyewe. Vijana wa leo ukiwauliza samaki wa ziwa letu watakutajia sangara, sato na dagaa, basi. Ukiwatajia ningu wanakutazama kama unayesimulia habari za Abunuwasi. Ningu, ambaye wataalamu humwita Labeo victorianus, ni samaki wa bonde la Ziwa Victoria, na kwingineko duniani hapatikani. Mdomo wake uko chini ya kichwa, wenye midomo minene ya kukwangulia ukungu wa kijani juu ya mawe. Nyama yake ilipendwa kuliko nyama nyingi, na wazee wetu walimkausha kwa moshi wakamhifadhi kwa miezi ya njaa. Leo orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini inamweka katika daraja la wale wanaokaribia kabisa kutoweka.

Ningu huishi ziwani na mitoni, lakini hazai popote apendapo. Mvua zinapoanza, jike na dume walioiva hukusanyika kwenye milango ya mito. Hapo husubiri. Wanasubiri nini? Wanasubiri mto ubadilike: maji yapande, yabadilike rangi, yapoe kidogo, yalete harufu ya udongo uliolowa kutoka juu. Mto ukishajaa, wanapanda makundi kwa makundi dhidi ya mkondo, tena kwa haraka. Lakini hawaendi kutaga katikati ya mto ambako maji ni makali na yana tope. Hutoka pembeni, wakaingia mbugani pale ambapo mto umefurika juu ya majani, na katika vijito ambavyo wiki iliyopita vilikuwa njia za mbuzi. Humo, katika maji ya kina kifupi, yenye joto na yaliyopungua kasi, hutaga mayai kwa maelfu. Kisha wazazi hurudi mtoni kabla maji hayajashuka.

Hapa naomba msomaji asisome haraka, kwa sababu kesi yote iko hapa. Yai lile huanguliwa kwa muda wa siku moja hadi mbili hivi. Kifaranga akishaanguliwa bado hawezi kuogelea sawasawa. Anahitaji siku nyingine kadhaa katika maji yaliyotulia, katikati ya majani yanayomficha na kumpa vijidudu vya kula. Baada ya hapo maji yanaposhuka polepole humteremsha naye, kutoka mbugani hadi mtoni, na kutoka mtoni hadi ziwani. Kwa hiyo, mafuriko ya ningu yanatakiwa yatimize masharti. Yaje wakati wake, yapande hadi juu ya majani, yakae, na yashuke taratibu. Yakipanda jioni na kushuka alfajiri, mayai hubaki kwenye majani makavu, na mchana ndege wanafanya karamu.

Sasa mchukue kuyu, samaki mwingine wa mito yetu, mkubwa, mwenye magamba mapana. Huyu mambo yake ni kinyume. Kuyu anataka maji yanayokwenda mbio juu ya kokoto safi. Kokoto zina nafasi kati yake, na maji yanapopita katika nafasi hizo hupeleka hewa kwa mayai. Mto ukileta tope jingi, tope likajaza nafasi zile, kokoto huwa kama sakafu ya saruji na mayai hufa kwa kukosa pumzi. Ni mto ule ule, lakini ningu anataka utulivu wa pembeni na kuyu anataka mbio za katikati, na mto wenye afya huwapa wote wawili katika msimu mmoja. Kambare naye hupanda usiku baada ya mvua kubwa, akanatisha mayai yake kwenye majani ya ukingoni. Domodomo na nembe nao hufuata mito.

Na wale watatu wanaotawala soko leo? Sangara hutaga ziwani, na mayai yake huelea majini. Dagaa huzaa ziwani. Sato jike hubeba mayai mdomoni hadi yaanguliwe, anatembea na wodi yake ya wazazi. Hawa wote hawahitaji mto kujaa wala majani kufurika. Nimewahi kuwauliza walimu wenzangu swali hili na sijapata anayelijibu vinginevyo: je, ni kwa bahati tu kwamba samaki waliobaki sokoni ni wale ambao hawahitaji mto, na waliopotea ni wale waliouhitaji?

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa, "Mwalimu, ningu alimalizwa na nyavu." Jibu hilo lina ukweli, nami sitaupunguza. Nyavu za makila zililetwa ziwani mwaka 1905. Mwingereza Michael Graham alipofanya uchunguzi wa ziwa zima mwaka 1927 na 1928 alikuta ngege wameanza kupungua, akapendekeza jicho la wavu lisipungue inchi 5. Wakati huo ningu walikuwa wakipanda mitoni kwa wingi, na migono na nyua za matete zilikuwa zikiwasubiri. Baadaye ikaja tamaa ya kutega nyavu za macho madogo kwenye milango ya mito, wakati ule ule wa samaki kukusanyika wakiwa wamebeba mayai. Katika mto Kagera na mto Nzoia ningu walivuliwa hivyo hadi katika miaka ya 1950 biashara yenyewe ikaporomoka. Nyavu za nailoni zilizoingia katika miaka hiyo zikaongeza kasi. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Jinja, kilichoanzishwa mwaka 1947, waliandika habari hizo mapema. Aliyeeleza kwa kinaganaga safari za samaki wanaopanda mito ya upande wa Kenya ni Whitehead, mwaka 1959. Hakuna anayeweza kusema hatukuambiwa.

Kwa hiyo nakubali kwamba wavu ulipiga pigo la kwanza. Ninachokataa ni kulifanya pigo hilo maelezo ya yote. Samaki anayetaga mayai maelfu kwa maelfu ana uwezo mkubwa wa kurudi akipewa nafasi. Nyumba iliyoibiwa mtu anaweza kuijaza tena, lakini akivunjiwa na nyumba atarudi wapi? Wavu uliiba. Kilichofuata, tangu miaka ya 1960 hadi leo, ni kuvunja nyumba, na wavunjaji hawakuwa wavuvi.

Kwanza tulilima mpaka majini. Mbuga zile ambazo mto ulikuwa unafurika ndizo zenye udongo mzuri wa mpunga na mboga, na sikatai kwamba mtu mwenye watoto saba ana haki ya kuziangalia kwa matamanio. Pili tulifyeka vilima. Mto Mara unaanzia katika misitu ya Mau nchini Kenya, ukapita Serengeti, ukaishia katika matete ya Kirumi kabla ya kuingia ziwani. Msitu wa Mau umepunguzwa vibaya, na udongo wake umesafiri na maji. Mto Simiyu unapita katika nchi ya pamba na ng'ombe ambayo miti yake ilikwisha zamani. Msitu na majani ya vilimani hufanya kazi ya sifongo: hunywa mvua, kisha hutoa maji kidogo kidogo. Ukiviondoa, mvua ya saa moja inafika mtoni kwa saa moja. Mto unakuwa na hasira za ghafla, unapanda kwa kishindo, unabomoa kingo, unamwaga tope, halafu kesho yake unakuta watoto wanacheza mpira juu ya mchanga. Kwa macho ya mpita njia hayo ni mafuriko kama ya zamani, pengine makubwa zaidi. Kwa ningu si mafuriko hata kidogo, maana hayakai.

Mimi nilikuwa mtoto wa miaka kama kumi ilipokuja mvua ya mwishoni mwa 1961, ile ambayo wengine waliiita mvua ya Uhuru. Mito ilikaa juu ya mbuga kwa muda mrefu ajabu, na ziwa likaendelea kupanda hadi 1964, zaidi ya mita mbili. Watu walihamishwa na hasara ilikuwepo. Lakini nakumbuka pia vijito vilivyojaa samaki wadogo kiasi kwamba tuliwachota kwa vikapu vya kubebea viazi, na mama zetu wakatugombeza tuwarudishe wale wadogo mno. Hakuna aliyekuwa amepandikiza wale vifaranga, wala hapakuwa na mradi. Yalikuwa maji tu, yaliyokaa muda wa kutosha mahali panapofaa.

Serikali yetu imefanya nini? Imepambana na wavu. Katika mwaka 2018 tuliiona Operesheni Sangara, nyavu zikachomwa moto kwa marundo, watu wakatozwa faini, wengine wakafilisika. Wavu haramu ni haramu, siutetei. Lakini katika miaka yote hii sijaona operesheni ya kuupa mto maji, wala ya kufungua mbuga iliyozibwa na tuta, wala ya kung'oa banio lililojengwa bila njia ya samaki. Mvuvi maskini mwenye mtumbwi mmoja ni rahisi kumkamata. Anayechepusha mto mzima ana barua yenye muhuri.

Jibu la pili la wakubwa ni kufuga. Wanasema tutazalisha vifaranga katika mabwawa, tutafuga kwenye vizimba, na ikibidi tutamwaga vifaranga mitoni mbele ya wageni rasmi na kupiga picha. Ufugaji ni kazi halali na unalisha watu, na nawapongeza wataalamu wa Uganda walioweza, katika miaka ya mwanzo ya 2000, kumfanya ningu atage kwenye matangi kwa kumchoma sindano. Ni elimu kubwa, na ni akiba ya siku mbaya. Lakini kumwaga vifaranga katika mto ambao hauwezi kuwafanya watu wazima watage ni kumimina maji katika gunia. Mwaka huu utamwaga, mwakani utamwaga, na siku fedha za mradi zikiisha samaki nao wameisha. Samaki anayezaa mwenyewe hahitaji bajeti.

Wapo pia wenye hoja iliyosomeka zaidi. Hawa husema kwamba sehemu kubwa ya maji ya Ziwa Victoria, kiasi cha asilimia 80, hutoka moja kwa moja mawinguni, na mito yote kwa pamoja huleta sehemu ndogo tu. Kwa hiyo tukichukua maji ya mto ziwa halitajua. Hesabu yao ni sahihi. Nilifundisha hesabu na sina la kusahihisha. Lakini mlango nao ni sehemu ndogo ya ukuta, na anayeuziba kwa hoja kwamba ukuta uliobaki ni mkubwa atalala nje. Ziwa halimdai mto ujazo. Samaki ndiye anayedai njia, kitanda na saa ya kuamka, na vyote hivyo viko mtoni.

Tusifikiri ni Kanda ya Ziwa tu. Ruaha Mkuu ulikauka ndani ya hifadhi yake wakati wa kiangazi cha mwaka 1993, jambo ambalo wazee wa huko hawakuwahi kuliona, na ukaendelea kukauka karibu kila mwaka uliofuata. Walilaumiwa sana wafugaji wa Usangu, wakahamishwa. Wataalamu walipopima, walikuta maji mengi ya kiangazi yalikuwa yanachukuliwa na mifereji ya mashamba, mengine yakitiririka shambani hata pale ambapo mpunga ulikwisha kuvunwa. Haya nayo hayakuitwa "kupotea bure", kwa kuwa yalipotelea katika mfereji wenye jina la maendeleo.

Na sasa tuna bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lililoanza kujazwa maji Desemba 2022. Mimi nafurahia umeme kama mwenzangu; nasomea taa yake usiku huu. Lakini Rufiji ya chini ina maziwa madogo pembeni mwa mto ambayo hupata maji mapya na samaki wapya pale mto unapofurika, na watu wake wana kilimo cha mlau kinachofuata maji yanapopwa. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliwatesa watu wa Rufiji na Kibiti, na mtu mwenye akili hawezi kuwaambia waliopoteza nyumba kwamba mafuriko ni baraka. Ninachosema ni kwamba bwawa lina milango, na milango hufunguliwa na watu. Kama inawezekana kupanga saa ya kuzalisha umeme, inawezekana pia kupanga wiki za kuachia maji ya wastani, kwa kutangaza mapema vijijini, wakati wa samaki kutaga. Hilo linataka mtu mmoja katika chumba cha mitambo mwenye kalenda ya samaki ukutani. Yupo?

Nisije nikaonekana mzee wa kulalamika tu, nieleze mahali ambapo jambo hili lilijaribiwa. Kaskazini mwa Kameruni kuna mbuga kubwa ya mto Logone, karibu na hifadhi ya Waza. Mwaka 1979 lilijengwa bwawa la Maga kwa ajili ya mpunga, pamoja na matuta marefu kando ya mto. Mbuga ikakosa mafuriko. Samaki wakapungua vibaya, majani ya kudumu yakafa, wafugaji na wavuvi wakahama. Wale waliosema maji yalikuwa yanapotea bure walipata mpunga, lakini waliokuwa wanaishi kwa yale maji "ya bure" walipata njaa. Mwaka 1994 ukafanywa mradi wa majaribio: wakafungua kijito kimoja kilichokuwa kimezibwa na tuta, maji yakaingia tena sehemu ya mbuga. Samaki wakarudi, majani yakarudi, ndege wakarudi, na watu nao. Bwawa halikubomolewa, na mpunga uliendelea. Nawaomba wahandisi wetu waitazame ramani ile kabla ya kuniambia kwamba ni lazima tuchague.

Marekani wao walikwenda mbali zaidi. Katika mto Elwha, jimbo la Washington, palikuwa na mabwawa mawili, moja la mwaka 1913 na jingine la 1927, yaliyojengwa bila njia ya samaki. Kwa karibu miaka mia moja samoni waliotoka baharini kutaga walibaki katika kipande cha kilometa 8 hivi za chini, na hata hapo kokoto zilikuwa zimepungua kwa sababu bwawa huzuia mawe na mchanga pamoja na maji. Kati ya 2011 na 2014 mabwawa yote mawili yaliondolewa. Mto ukabeba wenyewe mchanga na kokoto za karne nzima, ukajitandikia vitanda upya, na samoni walionekana wakitaga juu ya bwawa la chini tangu mwaka 2012, kazi ya kubomoa ikiwa bado inaendelea. Hatuhitaji kubomoa mabwawa yetu ili tujifunze jambo moja kutoka kwao: mto ukirudishiwa mwendo wake, hufanya wenyewe sehemu kubwa ya ukarabati.

Kwetu mambo yanayohitajika ni madogo kiasi cha kutia aibu. Karibu na ninapoishi kuna kijito ambacho kambare na ningu wachache bado hujaribu kukipanda. Miaka michache iliyopita barabara ilitengenezwa, yakawekwa makalvati mawili ya saruji. Upande wa chini midomo ya makalvati hayo inaning'inia juu ya maji kiasi cha goti la mtu mzima, na mvua ikinyesha maji hutoka humo kama risasi. Kambare, ambaye ni mkaidi, nimemwona akizunguka kwa kutambaa juu ya majani yaliyolowa. Ningu hawezi. Anaruka, anagonga saruji, anarudi, na watoto wanamngoja kwa mapanga. Nilimfuata msimamizi wa kazi wakati zege bado bichi nikamwomba aishushe ile mirija robo mita chini ya kitanda cha kijito, mchanga ulale ndani yake, samaki apite kama anapita chini ya mti. Alinisikiliza kwa adabu zote, akaniita baba, akasema: "Shikamoo mzee wangu, lakini kalvati hili ni la magari." Halmashauri yenyewe nayo ilinijibu kwamba suala la samaki liko idara nyingine. Idara nyingine ikasema suala la barabara liko idara ile ya kwanza. Nilistaafu, lakini sikujua kwamba nitapata muda wa kutumika kama mpira wa kona.

Na sheria tunazo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo wa mto. Sheria ya Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka kwanza yatengwe maji ya mahitaji ya binadamu na ya kuuhifadhi mto wenyewe na viumbe vyake, kabla ya kugawa vibali vingine. Isome tena, ndugu msomaji: maji ya kuuhifadhi mto ni haki iliyo katika sheria. Kwa hiyo anayesema mbele ya mkutano kwamba maji yanayofika ziwani yanapotea bure, kisheria anasema uongo, na mkuu wa wilaya aliyekaa kando yake anapaswa kumvuta shati.

Lakini hata sheria hiyo husomwa nusu. Wakitenga maji ya mto, wanatenga kiwango kimoja cha chini, kijiko cha dawa, mwaka mzima. Mto unaopewa kijiko kile kile Januari hadi Desemba hautakauka, ni kweli, na kwenye taarifa utaonekana mzima. Hakuna ningu atakayetaga humo. Mito ya kwetu huishi kwa kupanda na kushuka; ukiinyima kupanda umeihasi. Ninachodai ni maji mengi kwa siku chache zilizochaguliwa vizuri, na mita 60 za mbuga ziachwe ziote majani, na nyavu ziondolewe kwenye mlango wa mto kwa wiki zile tu ambazo samaki wanapanda. Mvuvi ataridhia kuondoa wavu wake wiki hizo akiona na mwenye shamba amerudi nyuma mita 60 na mwenye banio amefungua. Akiona yeye peke yake ndiye anayeombwa, atatega usiku, na mimi sitamshangaa.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu mstaafu kama mimi, aliposoma kurasa hizi alicheka akasema kelele zote hizi ni kwa ajili ya samaki mwenye miiba mingi ambaye watoto wa siku hizi hawawezi hata kumla. Miiba ni kweli anayo. Lakini sangara asiye na miiba wengi wao hukatwa minofu ikapanda ndege, na mabaki yake, ambayo tumeyapa jina la mapanki, ndiyo yaliyokuwa kitoweo cha watu wa pwani ya ziwa miaka mingi. Ningu hakuhitaji kiwanda wala ndege. Alikuja mwenyewe hadi nyuma ya nyumba ya maskini, mara mbili kwa mwaka, vuli na masika, akamlisha, na watu wa vijiji vilivyo mbali na ziwa ambao hawajawahi kumiliki mtumbwi walimla. Mjane mwenye mgono mmoja alikuwa mvuvi kamili. Hao ndio walionyang'anywa pale maji yalipozuiwa yasipotee, na kwa kuwa walichokuwa wanapata hakikupita mizani ya soko, hakikuandikwa popote, na kisichoandikwa mpangaji wa mipango hukiita bure.

Kwa sababu hiyo nimeona ni heri kuandika. Pale kijitoni, juu kidogo ya makalvati, tumesimika nguzo ya mti yenye alama nyeupe kila robo mita, na mwalimu mmoja wa shule ya jirani ameniruhusu kuwatumia wanafunzi wa darasa la sita. Kila asubuhi ya msimu wa mvua wawili kati yao hupita wakasoma alama, wakaandika kama maji yako juu ya majani au yamerudi mtoni, na kama kuna samaki wamegonga saruji usiku. Hawaandiki maoni, nimewakataza. Daftari linakaa katika ofisi ya mwalimu mkuu, na mhandisi yeyote anayetaka kulisoma hahitaji kuleta barua.